Je, tiba ya hipnosisi inakufaa? Mwongozo kwa wakazi wa Kigoma na Tabora

Mtu mmoja wa Mwanga, Kigoma, ana tumbo la kusokota kwa miaka mitatu, vipimo vyote vimerudi safi. Mwingine wa Ng'ambo, Tabora, anasikia sauti za watu wasiokuwepo na halali usiku. Wote wawili wanaweza kukutana na tangazo lilelile kwenye simu: hipnosisi, dawa ya kila shida. Wa kwanza inaweza kumsaidia sana. Wa pili inaweza kumharibu. Tangazo halitawatenganisha, kwa hiyo ni juu yako kujitenganisha mapema, hata kabla ya kutoa shilingi.

Kuna milango mitatu ya kupita, na mpangilio wake una maana. Kwanza ugonjwa wenyewe: umepimwa? Pili wewe: akili yako huzama katika jambo moja, au haizami? Tatu mtoa tiba: ni nani, na amesomea nini? Wengi huanza na mlango wa tatu kwa sababu ndio wenye namba ya simu.

Kwanza tuelewane ni kitu gani

Kamusi na mazungumzo ya mitaani huiita hipnosisi "kupumbaza akili" au huiweka kapu moja na mazingaombwe. Majina hayo yametuchelewesha. Anayefanyiwa hapumbai. Anasikia kila neno, anajua yuko wapi, na anaweza kufumbua macho akaondoka. Kinachotokea ni kwamba fikra zake zimezama katika jambo moja mpaka mengine yamesogea pembeni, na katika hali hiyo maneno yanayopendekezwa kwake huugusa mwili kwa urahisi zaidi: maumivu hupungua, misuli hulegea, utumbo hutulia.

Si usingizi pia, ingawa jina linasema hivyo. James Braid, daktari wa upasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, ndiye aliyelieneza jina hilo miaka ya 1840 akilitoa kwenye neno la Kigiriki la usingizi. Baadaye aliona limepotosha watu akajaribu kulibadilisha, akachelewa. Kabla yake Franz Mesmer alikuwa amewaaminisha watu wa Paris kwamba kuna nguvu ya sumaku inayotoka mwilini mwake. Mwaka 1784 tume iliyoundwa na Mfalme Louis XVI, Benjamin Franklin akiwa mmoja wa wajumbe, ilipima madai hayo na kuona hakuna nguvu yoyote iliyokuwa ikimtoka: kazi yote ilifanywa na fikra za mgonjwa mwenyewe. Hilo likumbuke utakapoambiwa kwamba fulani ana "kipaji cha macho".

Kwa Kiswahili kuna mtego mmoja mdogo unaoharibu vikao vingi: neno "lala". Mtoa tiba akisema "sasa unalala", mgonjwa husubiri usingizi, usingizi hauji, naye anaondoka akisema imeshindikana. Maneno mazuri ni "tulia", "legea", "zama". Mtego wa pili ni kukanusha. "Hutasikia maumivu" na "usiogope" vinapeleka maumivu na woga sikioni. "Hapa pamepoa, panakuwa pazito kama mkono ulioegemea muda mrefu" hufanya kazi zaidi.

Mlango wa kwanza: vipimo

Hipnosisi ina uwezo wa kupunguza maumivu bila kuondoa chanzo chake. Uzuri wake ndio hatari yake. Kidole tumbo kinachokaribia kupasuka kikitulizwa kwa maneno kitapasuka vilevile, tena ukiwa umetulia nyumbani.

Kwa hiyo kila shida ya mwili ianzie zahanati au kituo cha afya, na ikibidi ifike Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa Tabora. Kichwa kinachouma na homa ni malaria mpaka kipimo kikatae. Mikoa yetu hii miwili ina malaria nyingi, na hakuna anayepaswa kufumba macho kwenye kiti wakati vimelea vinaongezeka. Kichwa kinachouma asubuhi kwa mtu wa miaka 50 kipimwe presha. Tumbo kwa mtu anayevua, kuoga au kufua Ziwa Tanganyika lipimwe kichocho, maana cha tumbo kipo mwambaoni. Choo kipimwe pia amiba na minyoo, na vidonda vya tumbo vitafutwe bakteria wake.

Zipo dalili ambazo zikiwepo hipnosisi haizungumzwi kabisa mpaka daktari amalize kazi yake: damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, homa isiyoisha, kutapika mfululizo, uvimbe unaoshikika, upungufu wa damu, maumivu yanayokuamsha usiku, au tumbo lililobadilika tabia ghafla kwa mtu aliyevuka miaka 50. Kwa kichwa: maumivu ya ghafla makali kuliko yote ya maishani, shingo ngumu, mkono au mguu kukosa nguvu, kuona ukungu.

Na dawa haziachwi. Za presha, sukari, kifafa, TB na ARV zinaendelea kama zilivyoandikwa. Mtoa tiba akikuambia uache hata moja, hapo umeshapata jibu lako kuhusu mlango wa tatu.

Mlango wa pili: unazama?

Watu hawalingani. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, André Weitzenhoffer na Ernest Hilgard, walitoa kipimo cha majaribio 12 cha kuona mtu anaitikia kwa kiasi gani. Picha iliyojitokeza haijabadilika sana tangu hapo: kama asilimia 10 hadi 15 ya watu huitikia kwa nguvu, idadi inayokaribiana na hiyo huitikia kidogo mno, na wengine wote wapo katikati. Uwezo huu pia haubadiliki ovyo. Utafiti uliotolewa mwaka 1989 uliwapima tena watu waliopimwa wakiwa wanafunzi miaka 25 nyuma, na wengi walikuwa palepale. Hauhusiani na ujinga wala udhaifu wa imani. Unakaribiana zaidi na ule uwezo wa kuzama: mtu anayesikiliza mpira redioni mpaka haitiki akiitwa mara tatu, au aliyepanda treni Tabora, akatazama miombo dirishani, akashtukia tayari yuko Kaliua.

Unaweza kujipima nyumbani kwa dakika kumi. Si kipimo rasmi, ila kinatosha kukupa mwelekeo.

Tafuta kiti kigumu chenye mgongo, saa ambayo watoto wako shule na jiko la mkaa limezimwa. Weka simu kimya. Usifanye ukiwa na njaa. Mwenye kisukari ale kwanza, kwa sababu sukari ikishuka humlegeza na kumsinzisha mtu, naye atadhani ni hipnosisi imekolea.

Nyoosha mikono yote mbele usawa wa mabega, viganja vikitazama chini. Fumba macho. Waza kwamba kwenye mkono wa kulia imening'inizwa ndoo ya lita 10, tupu. Mtu anaanza kumimina maji kwa kata. Sikiliza maji yanavyoanguka ndani, kata ya kwanza, ya pili, ya tatu. Uzi wa ndoo unabana kifundo. Mkono wa kushoto umefungwa puto, nalo linavuta juu taratibu. Endelea kwa dakika moja na nusu bila kusaidia wala kuzuia mikono, kisha fumbua macho, mikono ikiwa palepale.

Tazama tofauti ya vidole. Ikifika shubiri moja, unaitikia vizuri. Ikiwa pungufu ya hapo, upo na wengi. Ikiwa haikusogea, usikate tamaa bado, kwa sababu kuna makosa mawili ya kawaida: umeukaza mkono ukisubiri kuona kama kweli utashuka, au umewaza neno "ndoo" badala ya kuhisi uzi unavyobana. Rudia siku nyingine.

Jaribio la pili ni la mdomo. Waza embe bichi la mwezi wa kumi, linakatwa vipande, kisu kinatoka na utomvu, chumvi na pilipili ya kusaga vinanyunyizwa juu, kipande kimoja kinapelekwa ulimini. Mate yakijaa kabla hujamaliza sentensi, basi fikra zako zinaufikia mwili. Huo ndio mlango mzima wa tiba hii.

Ukimaliza hesabu kutoka 1 hadi 5, fumbua macho, taja vitu vitano unavyoviona, simama polepole. Wenye presha ya kushuka wakiinuka haraka huona kizunguzungu.

Nani atapata taabu hapa? Aliyesukumwa. Mke aliyeletwa na mume, kijana aliyeletwa na baba mkubwa ili "aache tabia". Mtu asiyetaka hazami, na hakuna mbinu ya kumzamisha. Pia anayeamini moyoni kwamba kufumba macho mbele ya mtu ni kufungulia majini au mapepo mlango. Hakuna haja ya kubishana naye. Hofu hiyo pekee inatosha kuzuia mwili usilegee, na tiba nyingine zipo. Aongee kwanza na shehe au mchungaji wake akitaka, aulize kinachofanyika hatua kwa hatua: hakuna ubani, hakuna kombe, hakuna maneno asiyoyaelewa.

Kwa upande mwingine kuna wanaozama upesi kupita kiasi. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za mizimu za Buswezi, au ambaye hupandisha mashetani, aseme mapema. Kufumba macho na kusikiliza sauti ya taratibu kunaweza kumkumbusha mwili wake hali ile, akatetemeka au kulia, na mtoa tiba asiyejua atababaika. Anayejua atafanya kikao kifupi, macho wazi, miguu imekanyaga sakafu.

Shida ambazo inafaa kweli

Tumbo linaongoza, na kwa mbali. Tunazungumzia lile tumbo linalojaa gesi, linalosokota na kupata nafuu ukienda chooni, leo kuhara, kesho choo kigumu, na vipimo havioni kitu. Mwaka 1984 Peter Whorwell na wenzake wa Manchester walichapisha utafiti wa wagonjwa 30 walioshindikana kwa dawa. Waliopata hipnosisi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata mazungumzo na vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2008 mwongozo wa matibabu wa Uingereza uliiweka tiba hii kama jambo la kufikiriwa kwa mgonjwa ambaye dawa hazijamsaidia kwa miezi 12. Zingatia maneno hayo: baada ya dawa, baada ya mwaka. Kwa watoto, utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007 uliwachukua 53 wa miaka 8 hadi 18 wenye maumivu ya tumbo yasiyo na chanzo. Mwaka mmoja baadaye asilimia 85 ya waliopata hipnosisi walikuwa wamepona au karibu kupona, dhidi ya asilimia 25 ya waliopata matibabu ya kawaida.

Vikao vya tumbo huwa 7 hadi 12, kila kimoja nusu saa hadi saa, kwa muda wa miezi mitatu hivi. Kati ya vikao mgonjwa husikiliza sauti iliyorekodiwa kila siku. Asiyefanya mazoezi ya nyumbani asilipie vikao, atapoteza hela.

Ndani ya kikao mgonjwa huweka kiganja juu ya kitovu na kuhisi joto lake likiingia. Kisha hupewa picha ya mto. Hapa ndipo palipo na ufundi, na ndipo waliokariri maandishi ya Kiingereza hukosea. Mwenye choo kigumu anahitaji mto uliofunguka: Malagarasi baada ya masika, maji yanasukuma majani na matawi yanaachia. Mwenye kuhara akipewa picha hiyohiyo atakimbilia chooni katikati ya kikao. Yeye anahitaji Malagarasi inapoingia kwenye mabwawa na mafunjo, inapotanuka, inapopunguza mwendo, maji yanatulia na tope linazama. Mwenye vyote viwili apewe mto wa katikati, unaotembea kama mtu asiye na haraka.

Hata hivyo mto wenyewe usilazimishwe. Kwa mtu ambaye ndugu yake alichukuliwa na mamba, mto si picha ya utulivu. Aulizwe anachokijua: maji ya bomba shambani, mawese yanavyotiririka kutoka chujioni, asali inavyoshuka kutoka kwenye sega. Picha ya mgonjwa mwenyewe inashinda picha nzuri ya kitabu kila siku. Ndivyo ilivyo kwa lugha pia. Bibi wa Kasulu anayeota kwa Kiha asifanyiwe kwa Kiswahili cha redioni kama yupo anayeweza kumsemesha kwa Kiha.

Joto la ghafla la ukomo wa hedhi linafuata. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 uliwashirikisha wanawake 187; waliopata vikao vitano vya kila wiki walipungukiwa na joto hilo kwa takriban asilimia 74 baada ya wiki 12. Picha ni ya ubaridi. Mama wa Kigoma anaweza kuuchukua upepo wa ziwa wa alfajiri. Wa Tabora kivuli cha mwembe mkubwa saa nane mchana, ardhi ya chini yake ikiwa baridi kwenye nyayo. Kwa mwanamke aliyeambiwa asitumie homoni kwa sababu ya saratani ya matiti, hii ni njia ya kuuliziwa daktari.

Maumivu ya kudumu ya mgongo, viungo na kipandauso yanapungua kwa wengi, hasa wanaozama vizuri. Wasiwasi kabla ya upasuaji au kung'olewa jino vilevile. Lakini haichukui nafasi ya ganzi wala dawa ya usingizi, na mtu asikubali kuambiwa hivyo.

Uchungu wa kujifungua una habari ya wastani. Mapitio ya tafiti 9 zenye wanawake karibu 3,000, yaliyotolewa mwaka 2016, yaliona waliojifunza hipnosisi huenda wakatumia dawa za maumivu kidogo zaidi, lakini tofauti nyingine hazikuwa wazi. Anayetaka aanze mimba ikiwa na wiki 30 hivi, afanye mazoezi dakika 15 kila siku, na amfundishe maneno mtu atakayekuwa naye, mama yake au wifi. Ajifungulie kituoni. Kutulia vizuri nyumbani huku damu inatoka si mafanikio.

Sigara. Tabora inalima tumbaku, na watu wa Urambo na Sikonge wanaijua kuanzia kitaluni, kwa hiyo swali hili huulizwa sana. Mapitio makubwa ya mwaka 2019 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba hipnosisi inashinda ushauri wa kawaida wa kuacha sigara. Unaweza kuiongeza juu ya ushauri huo. Kikao kimoja cha "kuacha kabisa" kinachouzwa bei kubwa usikinunue.

Woga wa kitu maalumu, kama boti, buibui au sindano, hupokea vizuri, isipokuwa mmoja. Kuna watu wanaozimia wakiona damu au sindano. Presha yao hushuka ghafla. Ukiwalegeza kwa hipnosisi unaishusha zaidi, na wanaanguka. Hawa wafundishwe kinyume: kukaza misuli ya mikono, miguu na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, kuachia kwa sekunde 20 hadi 30 bila kulegea kabisa, na kurudia mara tano. Swali la kuuliza ni moja: "Umewahi kuzimia?"

Watoto wa miaka 7 hadi 14 huitikia kuliko watu wazima, kwa kuwa bado wanacheza. Chini ya miaka mitano hakuna kukaa kitini na kufumba macho. Ni hadithi na mchezo tu. Mzazi awepo au awe anaona. Mtoto anayekojoa kitandani apimwe kwanza mkojo na sukari, na aangaliwe kama ana choo kigumu, jambo linalosahaulika mno.

Wasiofaa, na sababu zake

Anayesikia sauti, anayeamini anafuatiliwa, au aliyewahi kulazwa kwa skizofrenia asifanyiwe nje ya usimamizi wa daktari wa akili. Ugonjwa wake tayari unachanganya kilichomo kichwani na kilichopo nje. Tiba inayokuza picha za kichwani inaweza kuongeza mchanganyiko huo. Vivyo hivyo aliye katika kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, halali, anagawa mali. Hospitali ya mkoa ina kitengo cha afya ya akili. Aanzie hapo, na ikibidi atapewa rufaa.

Mwenye sonona nzito, hasa anayewaza kujiua, anahitaji mtu wa kumwona leo, na si kikao cha wiki ijayo. Apelekwe hospitali, asiachwe peke yake.

Kifafa hakikatazi moja kwa moja, ila atakayekaa na mgonjwa ajue la kufanya degedege likija, na dawa zisikosekane hata siku moja. Mwenye pumu asipewe mazoezi ya kubana pumzi. Aliyelewa au aliyevuta bangi arudi siku nyingine.

Waliopita vitani, wakiwemo ndugu zetu waliokimbilia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, na wanawake waliobakwa, waende kwa uangalifu mkubwa. Kufumba macho chumbani na mtu usiyemjua, mlango umefungwa, ni hali inayoweza kurudisha tukio lote kwa ghafla. Matibabu ya kiwewe ya mtu aliyesomea hilo yatangulie. Hipnosisi ikitumika, mlango ubaki wazi, macho wazi, na kazi iwe ya kutuliza mwili, bila kuchimba yaliyopita.

Kamwe isitumike kutafuta kumbukumbu

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu kwetu kosa hili linaweza kuua.

Mtu aliyezama huitikia mapendekezo. Ndiyo kazi ya tiba. Ukimuuliza katika hali hiyo "ni nani alikuja usiku ule?", akili yake itatengeneza mtu, ikimpa sura, nguo na sauti, na atakapofumbua macho ataapa kwamba amekumbuka. Uhakika wake utaongezeka, ukweli hautaongezeka. Ndiyo maana mahakama nyingi za Marekani zimeukataa au kuuwekea masharti makali ushahidi wa mtu aliyefanyiwa hipnosisi.

Sasa weka jambo hilo kwenye familia inayotafuta aliyewaroga. Mgonjwa anafumba macho, anaulizwa amwone adui yake, anamwona bibi jirani mwenye macho mekundu. Macho mekundu ni ya moshi wa kuni za miaka hamsini. Kanda hii inajua ramli chonganishi zimewafanya nini vikongwe, na ramli ikivaa koti jeupe na jina la Kigiriki inabaki ramli. Mtoa tiba yeyote anayejitolea kukuonyesha mchawi, mwizi, mwanamume wa nje au "tukio lililofichika la utotoni", inuka uondoke. Lipa nauli ya kurudi, usilipe kikao.

Mlango wa tatu: mtoa tiba

Kanuni ni rahisi: asikutibu kwa hipnosisi shida ambayo asingeruhusiwa kuitibu bila hipnosisi. Daktari wa meno aitumie kwa meno. Mkunga kwa uchungu. Mwanasaikolojia kwa wasiwasi. Mwenye cheti cha mafunzo ya siku mbili pekee, bila fani ya afya nyuma yake, hana pa kusimama mambo yakiharibika. Anayejitambulisha kuwa wa tiba mbadala aonyeshe usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002.

Muulize, na usione haya:

- Fani yako ya kwanza ni ipi, na umesajiliwa wapi?
- Shida kama yangu unaitibu kwa vikao vingapi, na tutajuaje kama haifanyi kazi?
- Ni nani unayekataa kumfanyia?
- Naweza kuja na ndugu yangu akakaa chumbani?
- Utanipa sauti ya kusikiliza nyumbani?

Swali la tatu ndilo linalochuja. Asiye na mtu wa kumkataa hajui kazi yake. Na malipo yawe ya kila kikao. Vikao kumi kwa mkupuo na "ofa" ni biashara.

Kwa kuwa wataalamu ni wachache huku, wengi wataishia kwenye simu ya video. Inawezekana, kwa masharti. Ndugu mmoja awe nyumba hiyohiyo na namba yake iwe kwa mtoa tiba. Kubalianeni mtandao ukikatika unafanya nini: unahesabu 1 hadi 5, unafumbua macho, unasubiri apige. Simu iwe na chaji zaidi ya nusu, simu nyingine zizuiwe kuingia, bando litoshe saa nzima. Usisikilize sauti za hipnosisi ukiendesha bodaboda, ukiwa kwenye mtumbwi, au ukiwa na sufuria motoni. Baada ya kikao subiri dakika kumi, kunywa maji, tembea uani, ndipo uondoke.

Daftari

Nunua daftari dogo wiki mbili kabla ya kikao cha kwanza. Kila jioni andika namba moja kati ya 0 na 10 kwa shida yako kuu, saa ulizolala, na kwa mwenye tumbo, mara alizokwenda chooni na choo kilikuwaje. Usiruke siku nzuri. Wengi huandika siku mbaya tu, kisha wanashindwa kulinganisha.

Kushuka kwa pointi 2, au kama theluthi ya pale ulipoanzia, ndicho kiasi ambacho watafiti wa maumivu hukihesabu kuwa nafuu ya kweli. Kwa wasiwasi na usingizi uangalie baada ya vikao vinne. Kwa tumbo vumilia hadi cha saba. Kama mstari uko palepale, simamisha, rudi kwa daktari na daftari lako mkononi. Ikiwa umepanda, au umeanza kuota ndoto mbaya, kujiona uko nje ya mwili wako, au kichwa kuuma baada ya kila kikao, simamisha hata kama ni cha pili.

Ukiona nafuu, punguza usikilizaji taratibu: kila siku kwa mwezi, kisha siku nne kwa wiki, kisha mara moja. Faili la sauti lihifadhi mahali pawili, kwa sababu simu huibwa, na nafuu ya tumbo huyumba msimu wa mitihani, wa misiba na wa kuuza mazao.